Kabla ya kusema birika ni feki, uliza maji yako yametoka wapi

Birika la umeme likifa baada ya miezi mitano, wa kwanza kutukanwa ni mwenye duka. "Uliniuzia feki!" Mwenye duka naye anaapa kwamba mzigo ulitoka Eastleigh katoni nzima na wateja wengine hawajarudi kulalamika. Mnarushiana maneno, mnaachana na hasira, halafu unanunua lingine. Ukikaa Garissa, Wajir au Mandera, huenda hadithi hii unaijua vizuri. Leo ni birika, kesho ni koili ya kuchemshia maji ya kuoga, keshokutwa ni pasi ya mvuke.

Bidhaa feki zipo, hilo hakuna anayebisha. Stima inayopanda na kushuka nayo inaua vifaa. Lakini kuna mshukiwa wa tatu ambaye hatumtaji sana, na anaingia nyumbani kila siku kwa mfereji, kwa mkokoteni wa punda au kwa lori. Mshukiwa huyo ni maji yenyewe. Tunayaita maji ya chumvi, tunakunja uso kidogo, tunakunywa, maisha yanaendelea.

Ugumu wa maji ni bili ya pili ambayo haiji kwa karatasi wala kwa SMS. Unailipa dukani, kwa fundi, kwa sabuni na kwa makaa. Na anayeumia zaidi ni kijana anayeanza maisha: amehamia chumba kimoja, vifaa amenunua kwa kulipa polepole, au amefungua kibanda cha dobi, saluni au mkahawa mdogo. Bili hii inaweza kupunguzwa, ila kwanza lazima ujue maji yako ni ya aina gani. Na jibu la swali hilo, mara nyingi, tayari limeandikwa kwenye faili la mtu.

Chumvi gani hasa?

Tukisema "maji ya chumvi" tunachanganya vitu viwili. Kuna chumvi ya kawaida, ile ya mezani, ambayo ulimi unaitambua mara moja. Halafu kuna ugumu, yaani madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka majini. Maji yanaweza kuwa na ladha ya chumvi bila kuwa magumu sana. Yanaweza pia kuwa magumu sana bila ulimi kushtuka. Visima vingi vya maeneo kame huwa na vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana tunavichanganya. Lakini kuonja pekee hakutoshi.

Kama ulifika Kidato cha Nne, haya uliyasoma kwenye Kemia, ile mada ya asidi, besi na chumvi, kisha ukayaacha kwenye chumba cha mtihani. Hebu yarudishe. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo hubeba gesi ya kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikikutana na mawe ya chokaa huko chini, inayayeyusha polepole. Unapochemsha maji hayo, mambo yanarudi nyuma: gesi inatoka, chokaa inaganda tena. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye sufuria na koili ni jiwe. Liliyeyuka ardhini, likapanda na pampu, likarudi kuwa jiwe jikoni kwako.

Huo unaitwa ugumu wa muda, kwa sababu kuchemsha kunaupunguza. Upo pia ugumu wa kudumu, unaotokana hasa na salfeti, kama ile iliyo ndani ya jasi, madini yale yale ya dari za jipsamu. Huo hata uchemshe mpaka gesi iishe mtungini, hautoki. Weka tofauti hii akilini, tutaihitaji mbele.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa kila lita. Kwa mizani inayotumika sana, maji yasiyozidi 60 ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na yakizidi 180 ni magumu sana.

Hesabu ya birika moja

Tuchukue maji ya miligramu 400 kwa lita. Huu ni mfano wa hesabu tu, sio kipimo cha kisima fulani. Nyumba inachemsha lita tano kwa siku: chai ya asubuhi, chai ya saa kumi, maji ya kuweka kwa chupa. Lita tano mara miligramu 400 ni gramu mbili. Gramu mbili kwa siku ni kama gramu 730 kwa mwaka, karibu robo tatu za kilo ya mawe yaliyopita ndani ya birika moja.

Si yote hubaki humo. Mengine unayanywa na chai, mengine hayagandi. Lakini hata robo yake tu ikishika, hizo ni zaidi ya gramu 180 za ukoko kwenye kifaa kinachoenea mkononi. Na ukoko haupitishi joto kama chuma kinavyopitisha. Koili inawaka, joto linachelewa kutoka, koili inajichoma yenyewe. Ndiyo unaona birika linazimika kabla maji hayajachemka, baada ya wiki kadhaa linakataa kuwaka kabisa. Anayechemshia kwa sufuria kwenye jiko la makaa au gesi hatapoteza koili, ila atachoma moto zaidi, manake joto linapambana na ukoko kabla ya kufikia maji.

Sasa linganisha na Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya jiji hilo hutoka kwenye mabwawa kama Ndakaini, yanayojazwa na mito ya Aberdare. Ni maji ya juu ya ardhi, laini. Birika la aina moja, kutoka katoni moja, linaweza kumtumikia mtu wa Nairobi miaka mitatu na kumwaga unga mtu wa Wajir kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyedanganywa. Walichochemsha ndicho tofauti.

Kaskazini Mashariki si maji ya aina moja

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunaongea kana kwamba eneo lote hili linakunywa kutoka kisima kimoja.

Garissa mjini, maji ya mfereji hutolewa Mto Tana na kusafishwa. Tana inashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, na maji yake hayajakaa miaka na miaka ndani ya mawe. Shida yake kubwa ni tope. Tope na ugumu si kitu kimoja. Tope linaonekana, na linatulia ukiacha ndoo ikae au ukitia shabu. Ugumu hauonekani kwa sababu umeyeyuka, na shabu haiugusi. Dawa ya klorini pia haiugusi: inaua viini, basi.

Kwa hivyo mtu wa Bulla Iftin anayetumia maji ya mto moja kwa moja hana sababu kubwa ya kulaumu chokaa. Lakini mto nao una siku zake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024 yalizamisha mitaa ya kando ya Tana na kukata barabara ya kwenda Nairobi. Huduma ya mto ikiyumba, watu hukimbilia chochote kinachopatikana, pamoja na maji ya visima yanayoletwa kwa malori. Wiki hiyo jina la mtaa ni lile lile, lakini maji ni mengine kabisa.

Ukienda kaskazini unaingia eneo la hifadhi ya maji ya Merti, bwawa kubwa la chini ya ardhi linaloanzia pande za Isiolo, likapita Habaswein hadi Dadaab na kuelekea Somalia. Ndilo limebeba kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera tangu zilipofunguliwa miaka ya 1991 na 1992. Katikati ya hifadhi hiyo kuna ukanda wa maji matamu. Ukisogea pembeni, chumvi inapanda. Visima viwili vya wilaya moja vinaweza kutoa maji yasiyofanana hata kidogo.

Wajir ndiyo habari yenyewe. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hivyo visima vifupi vimejaa kila mahali. Maji yaliyolala ndani ya chokaa yatakosa vipi kuwa magumu? Ukaribu huo una hatari nyingine kubwa zaidi: vyoo na visima vinachangia ardhi moja, ndiyo maana mji ulikaa miaka mingi na vyoo vya ndoo. Klorini inasaidia upande huo wa afya. Upande wa birika haisaidii kitu. Na uliposukumwa mradi wa kuvuta maji ya Habaswein hadi Wajir mjini, wakazi wa Habaswein walipinga wakihofia visima vyao. Watu hawapigani hivyo kwa sababu ya maji tu. Wanapigania maji matamu.

Mandera ina Mto Daua, ambao hukauka msimu ukiwa mbaya, na visima vingi. El Wak nayo inajulikana kwa jasi. Maji yaliyopita kwenye jasi hubeba ule ugumu wa kudumu, unaokaidi moto. Salfeti zikiwa nyingi pia huharisha, hasa mgeni ambaye tumbo lake halijazoea.

Stima, feki au maji?

Kabla ya kurudi dukani kugombana, fanya uchunguzi wa dakika tano. Chomoa kifaa, kiache kipoe, kifungue.

Ukikuta koili imevaa koti jeupe au la kahawia, gumu, linalotoka vipande vipande, mshukiwa ni maji. Ukikuta koili ni safi lakini saketi imeungua, inanuka moshi, au kifaa kilikufa siku ile ile stima iliporuka, laumu umeme. Wajir na Mandera zimetegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na kifaa kilichoundiwa volti 240 hakipendi kurushwarushwa. Na ukikuta koili ni safi, stima ilikuwa sawa, lakini waya ni mwembamba kama uzi na plastiki imeyeyuka, hapo una haki ya kumrudia mwenye duka. Huyo alikuuzia takataka.

Kuna jambo lingine wauzaji hawakuambii mpaka uulize. Shawa za umeme za kupasha maji papo hapo zinazouzwa Kenya ziko za aina mbili: za maji matamu na za maji ya chumvi. Ukiweka ya maji matamu kwenye maji ya kisima, usishangae. Swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe: hii ni ya maji gani?

Mwenye sola asikie hili pia. Betri za asidi zinazoongezwa maji hazitaki maji ya mfereji wala ya kisima. Zinataka maji ya betri, yaliyotolewa madini yote. Ukiokoa shilingi mia kwa kumimina maji ya mtungi, unaua betri ya maelfu.

Sabuni inaliwa kabla nguo hazijalowa

Vifaa vya umeme ndivyo vinavyotuuma kwa sababu vinakufa kwa kishindo. Sabuni inaisha kimya kimya, na huenda ndiyo bili kubwa zaidi.

Sabuni ya kawaida ikikutana na kalsiamu haitoi povu, inatengeneza ule utando wa kijivu unaobaki kwenye beseni. Povu linakuja tu baada ya kalsiamu yote kushiba. Kikemia, gramu moja ya ugumu hula takriban gramu sita za sabuni. Turudi kwenye mfano wetu wa miligramu 400: mtungi wa lita 20 una gramu nane za ugumu, kwa hivyo unakula karibu gramu 50 za sabuni kabla shati halijaanza kusafishwa. Mitungi 20 imemeza kilo nzima ya sabuni ya mche. Mfanye mtu huyo awe dobi anayetumia mitungi kumi kwa siku. Ni kilo moja kila siku mbili, inamwagwa mtaroni.

Sabuni ya unga huvumilia zaidi kwa sababu imechanganywa na vitu vya kupambana na ugumu. Lakini nayo ina mipaka, ndiyo maana nguo nyeupe zinakuwa za kijivu na taulo zinakauka kama ubao. Wenye saluni wanajua upande wao: nywele zinabaki nzito hata baada ya kusuuzwa mara tatu.

Dawa ya jambo hili Kenya inachimba yenyewe. Magadi ya soda, yanayotoka Ziwa Magadi kaunti ya Kajiado, yakisafishwa huwa soda ya kufulia. Soda hiyo huikamata kalsiamu na kuigandisha kama vumbi jeupe, na inafanya kazi hata kwa ugumu wa kudumu ambao moto umeshindwa. Kwa mtungi ule wa lita 20 wenye gramu nane za ugumu, hesabu inadai kama gramu tisa za soda safi, karibu vijiko viwili vidogo. Koroga, subiri vumbi litulie, mimina maji ya juu, fua. Gramu tisa za soda badala ya gramu 50 za sabuni. Ila angalia: maji hayo ni ya kufulia, sio ya kunywa. Magadi ghafi yana madini ya floridi kwa wingi, na floridi huharibu meno na mifupa. Vaa glavu pia, ngozi yako haitaishukuru soda.

Jikoni fanya haya

Kwanza, pima bila maabara. Chukua chupa mbili zinazofanana. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji yako, kiasi sawa. Tia matone sawa ya maji ya sabuni ya mche, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Yako ikibaki na utando na mawingu, jibu umelipata. Vile vipima vidogo vya TDS vinavyouzwa mitandaoni vinakuambia jumla ya vitu vilivyoyeyuka, haviwezi kukuambia kama ni chumvi ya mezani au ni ugumu.

Pili, usingoje koti linenepe. Kila wiki mbili, tia siki na maji nusu kwa nusu, au maji ya ndimu, acha saa moja, mwaga, suuza. Ukisikia linachachuka kwa vipovu, hiyo ni chokaa inayeyuka. Usichanganye siki na dawa ya nguo yenye klorini hata siku moja, gesi inayotoka ni sumu. Na kama uko pande za jasi na siki haichachuki wala ukoko hautoki, usiongeze siki ukidhani imechacha. Ukoko wa salfeti hauogopi siki. Hapo njia ni kutouacha uanze: usiache maji yalale ndani ya birika, na tafuta maji mengine ya kuchemshia.

Maji hayo mengine yanatoka wapi? Angalia juu. Garissa hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Ni kidogo kwa shamba, lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Paa la mita sita kwa tano linapata lita 9,000. Toa zinazopotea, baki na 7,000. Birika letu la lita tano kwa siku linahitaji lita 1,825 tu kwa mwaka mzima. Kwa kuwa mvua huja misimu miwili, tangi la lita 1,000 likijazwa kila msimu linakaribia kabisa kukutosha kwa chai na pasi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, na ya kunywa itibu au ichemshe vizuri.

Ndiyo, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na tangi tupu halichemshi chai. Hii si dawa ya ukame. Ni njia ya kutenga maji laini machache kwa kazi chache zinazoyahitaji, badala ya kuyamwaga chooni.

Tatu, epuka wachuuzi wa miujiza. Kifaa cha sumaku cha kufunga kwenye bomba kinachoahidi kumaliza ugumu hakijathibitishwa vya kutosha kustahili mshahara wako. Mitambo ya kubadilisha kalsiamu kwa sodiamu inafanya kazi kweli, lakini inahitaji kulishwa chumvi na kutunzwa. Inafaa hoteli, au ploti ambayo wapangaji wamechangishana, kuliko chumba kimoja.

Afya je? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Kalsiamu na magnesiamu ni madini mwili unayahitaji. Kwa hivyo anayekutisha kwamba ukoko wa birika ni sumu anataka kukuuzia kitu. Chumvi ya kawaida, floridi na viini vya maradhi ni mambo mengine, na kila kimoja kinahitaji kipimo chake. Kwenye joto la huku, hatari iliyo karibu zaidi na figo zako ni kunywa maji kidogo kwa sababu hayana ladha.

"Maji hayapo, wewe unaongea ugumu?"

Swali hili ni halali. Kuna vijiji ambako mama anatembea nusu siku kutafuta mtungi mmoja. Kumwambia habari za birika ni kama kumchokoza. Kaunti ikiwa na pesa ya kisima kimoja, ichimbe kisima.

Lakini hakuna anayeomba kisima kisichimbwe. Kinachoombwa ni namba, na namba mara nyingi ipo. Kisima kipya kinapokamilika, sampuli ya maji hupimwa maabarani na matokeo huambatana na rekodi zinazokwenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kipimo kilishalipiwa. Ugumu uliandikwa. Kilichobaki ni kuutoa kwenye faili na kuuandika mahali mteja atauona.

Wengine wanafanya hivyo na dunia haijaanguka. Uingereza, ambako maji ya London ni magumu kwa sababu ya miamba ya chokaa, mteja anaweza kuangalia ugumu wa maji ya mtaa wake kwenye tovuti ya kampuni inayomuuzia. Ujerumani, sheria ya mwaka 2007 iligawa maji mafungu matatu, laini, wastani na magumu, na pakiti ya sabuni ya kufulia inakuonyesha utie kiasi gani kulingana na fungu lako. Kwetu, pakiti ya sabuni inamwambia mtu wa Kericho na mtu wa Wajir watie kijiko kile kile.

Na si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu anachonunua, na kinagusa pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Ukizungushwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala.

Bili yako ya maji inakuonyesha namba ya mita, uniti na pesa. Haina ubaya kuongeza mstari mmoja. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya tumeyafika, tunayaoga na kuyanywa kila siku, na bado hatujui ugumu wake.

Basi kijana, ukiwa na majirani watano wenye shida moja, andikeni barua fupi kwa kampuni inayowauzia maji. Haihitaji wakili: "Sisi ni wateja wa mtaa fulani. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, tunaomba kujua chanzo cha maji yetu, na matokeo ya kipimo cha mwisho: ugumu, chumvi, salfeti na floridi, na tarehe ya kipimo." Wekeni sahihi, wekeni tarehe, hifadhini nakala, hesabuni siku 21.

Mwenye kioski cha maji naye aombwe kitu kidogo zaidi: aandike ukutani, kwa rangi, maji yake yanatoka kisima gani na ugumu ni kiasi gani. Dobi atajua atie soda kiasi gani. Mnunuzi wa shawa atajua achague ipi. Na mwenye duka, mara hii, ataweza kumuuzia mteja kifaa kinachofaa badala ya kungoja kutukanwa.